Bi Maimuna na Mlango Uliobaki Umesimama

Kwanza niseme kazi yangu, msije mkanidhania mtu wa maana. Mimi ninanyoosha misumari. Nilifundisha hesabu shule za msingi kwa miaka thelathini na nne, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu msaidizi, na sasa ninakaa juu ya kipande cha gogo hapa Morogoro, nyundo mkononi, nikinyoosha misumari iliyopinda ya Bi Maimuna. Yeye ndiye bosi. Mbele za watu ananiita Mwalimu Benedikto, tukibaki wenyewe ananiita Mnyamwezi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo anasema anachotaka, nami sina ruhusa ya kununa. Akiona nimechoka hunikumbusha kwamba babu zangu walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani bila kuomba chai.

Bi Maimuna anabomoa nyumba. Wabomoaji wengine wapo, tena wengi, lakini hao wana nyundo kubwa na pupa. Ukimwita mmoja wao asubuhi, jioni una kifusi. Ukimwita Bi Maimuna, baada ya siku nne au tano unakuta mabati yamepangwa, mbao zimepangwa kwa urefu, madirisha yameegemezwa ukutani kwa jirani, na misumari yote imo ndani ya kopo la rangi, imenyooka, kazi ya mikono yangu. Nyumba haikufa, anasema, imekaa chini tu kupumzika. Maneno hayo huyasema kwa kila mteja na nimeyachoka, ila ni kweli.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na nne, mfupi, mabega mapana, anayevaa suruali ya mtumba chini ya dera na kuufunga ushungi kwa nyuma ili usinase kwenye misumari. Chombo chake ni mtaimbo, lakini si ule mnaoujua, chuma kirefu cha kuchimbia mashimo ya nguzo. Wake una urefu wa mkono, na shingo yake inakunjika. Unabonyeza kitufe kwenye kiungo, kichwa kinalegea, unakiinamisha kadiri unavyotaka, ukiachia kitufe meno yanabana na chuma kinakuwa kimoja tena. Aliuokota Soko la Mawenzi kwenye lundo la vyuma vya mtumba. Muuzaji alidhani ni mpini wa jeki iliyokufa, na Bi Maimuna, pamoja na swala zake tano, hakuona sababu ya kumsahihisha.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bi Maimuna hainami, mtaimbo ndio unaoinama kwa niaba yake. Penye nafasi finyu kati ya ukuta na fremu huukunja shingo karibu ulale, akachomeka ulimi wake, akaweka kipande cha kandambili chini yake ili chuma kisiumize mbao. Halafu anakandamiza kidogo. Kidogo tu. Msumari ukilia anaacha, anasogea shubiri moja, anakandamiza tena, anarudi. Nilipojaribu mimi nilivuta mahali pamoja kwa nguvu zangu zote na ubao ukapasuka katikati. Aliuangalia ubao, akaniangalia, akanipa nyundo na kunionyesha gogo. Ndivyo nilivyoajiriwa kwenye idara ya misumari.

Ana sheria moja ambayo wenye nyumba wa mji huu wameizoea. Kabla hajagusa msumari huzunguka nyumba mara moja, mikono nyuma, halafu anataja kitu kimoja ambacho kitakuwa chake. Anakiita jicho lake. Mwenye nyumba akubali au akatae hapo hapo, mbele ya shahidi, na akishakubali hakuna kurudi nyuma. Vingine vyote ni vya mwenyewe. Kwa kawaida huchagua vitu vya ajabu: rafu ya kabati, kipande cha nondo ya dirisha, mara moja ndoano ya kutundikia kofia. Nilidhani ni tabia tu ya mzee anayependa takataka. Sikujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anawazoesha watu, ili siku akitaja kitu anachokitaka kweli asishukiwe.

Hapo lazima nirudi nyuma, Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru kunakolimwa ndizi na pilipili manga. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamume akioa hujenga kwa mkewe, na anabaki mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo sisi watani wao hatujaacha kulicheka. Maimuna aliolewa na Nasibu, na Nasibu akajenga juu ya ardhi ya mama yake Maimuna. Shambani pale palikuwa na mvule. Waliuangusha, Nasibu na kaka yake wakaupasua kwa msumeno wa mikono miwili kwa wiki tatu, na Nasibu mwenyewe akatengeneza mlango. Mlango mzito, mbao tano pana, usioingiza hata mwanga wa kibatari.

Baadaye wakaachana. Sababu siitaji, maana kila mmoja ana yake na zote mbili ni za kijinga. Desturi ya huko ilikuwa wazi: mwanamume anayeondoka anaacha udongo na kuta, kwa kuwa udongo ni wa ukoo, ila alicholeta yeye mwenyewe anaweza kubeba. Mabati Maimuna hakuyabishia, wala madirisha. Mlango aliubishia. Mvule ulikuwa wa mama yake, alisema, mizizi yake ilikunywa udongo wa mama yake. Shauri likaenda kwa wajomba wa Maimuna, watu waliotakiwa kumtetea. Kwa bahati mbaya Nasibu aliwaalika kwanza, na mkono mtupu haulambwi. Walikula kuku wawili, wakatafakari, wakatoa hukumu kwamba mti ukishapasuliwa mbao si mti tena, ni jasho la aliyepasua. Maimuna akashindwa kesi ndani ya ukoo wake mwenyewe, kwa ushahidi wa mifupa ya kuku.

Watu wa Nasibu waling'oa mlango kwa shoka na jembe. Ukuta ulibomoka hadi magotini, fremu ikapasuka pande mbili. Maimuna aliniambia kwamba alilia kwa mambo mawili, mlango na ufundi mbaya. Walipoondoka alichukua kipande cha nondo akaanza kutoa mabaki ya fremu taratibu, usiku haujaingia akawa amemaliza bila kuvunja zaidi. Jirani akamwona, akamwomba amtolee dirisha. Kuanzia dirisha hilo mpaka leo ni miaka ishirini na sita.

Mwaka huu, kiangazi, aliniambia tuna kazi Kichangani. Sikuuliza aliyetuita. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna aliyetuita: alisikia kuna mama anatafuta mbomoaji, akajipeleka. Tulimkuta mama mwenyewe, Latifa, mwanamke mchangamfu wa miaka kama arobaini, akampa Bi Maimuna shikamoo na kutuwekea mkeka. Nyumba ya matofali ya kuchoma ilikuwa imechoka. Wanajenga upya, alisema, madirisha ya alumini, mlango wa chuma wenye maua. Mumewe alikuwa amekwenda Kisaki kwa kaka yake na angerudi baada ya siku tatu, lakini alikwisha ruhusu kazi ianze.

Bi Maimuna akazunguka, mikono nyuma. Aliusifu mchirizi wa bati. Alikaa muda mrefu mbele ya sinki la zege mpaka nikaona uvivu. Kisha, akiwa amegeuka kuondoka, akasema jicho lake ni ule mlango wa uani. Ulikuwa umepakwa rangi ya bluu, matabaka kama matatu, chini umejaa uchafu wa kuku. Latifa akacheka, akasema auchukue pamoja na kinyesi chake. Mimi nikiwa shahidi nikaitikia kwamba nimesikia.

Nilipomletea Bi Maimuna maji ya kunywa aliyanywa bila kuondoa macho kwenye mlango ule. Njiani nilimbana mpaka akasema. Mume wa Latifa ni Nasibu. Bi Maimuna alikuwa anajua mlango wake uliko kwa miaka kumi na moja, na kila akitoka kwenye kazi za upande ule hupita kichochoroni na kuuangalia. Nilikasirika sana. Nilimwambia amenitumia, amenifanya shahidi wa jambo nisilolijua, mimi mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Akajibu kwamba siri ukimpa Mnyamwezi anaifikisha pwani kabla ya jua kuzama. Sikununa, kwa sababu siruhusiwi, lakini sikusema naye mpaka kesho yake.

Siku mbili tukashusha paa. Yeye juu, mtaimbo umekunjwa nusu, akiinua papi za kupigilia mabati moja moja kutoka kwenye kenchi, zile mbao kubwa za paa, bila papi hata moja kuvunjika. Mimi chini na kopo langu. Siku ya tatu, mchana, Nasibu akashuka basi la Kisaki na fungu la samaki wakavu mkononi, akakuta nyumba haina paa na mtalaka wake amekaa juu ya ukuta. Bi Maimuna hakuacha kazi. Alimkaribisha kwa jina na kumwambia aangalie kichwa, mbao zinashuka.

Nasibu ni mtu mrefu, ndevu nyeupe, mpole wa sura. Alimuuliza mkewe amekubaliana nini na fundi huyu. Latifa alipomweleza habari ya jicho, nilimwona anabadilika rangi. Akasema mlango hauendi popote. Latifa akamjibu kwamba ahadi imetoka mbele ya shahidi, na kama hakutaka angekaa nyumbani badala ya kwenda kula samaki. Halafu alipoambiwa huyu fundi ni nani hasa, mwanamke yule alikwenda jikoni kwa jirani, akarudi na chai ya tangawizi, akampa Bi Maimuna kikombe cha kwanza na kumwita bi mkubwa. Tangu hapo nilimpenda Latifa.

Nasibu akachukua kiti cha plastiki akakiweka ndani, karibu na mlango wa uani, akakaa. Nyumba bomoeni, alisema, mlango huu mimi nipo nao. Na lazima niwe mkweli, alikuwa na hoja yake. Alinionyesha viganja. Katika maisha yake amejenga nyumba tatu na zote amelipa mafundi. Kitu pekee alichokitengeneza kwa mikono yake, tangu mti mpaka bawaba, ni mlango ule.

Nilingoja Bi Maimuna apandishe sauti. Hakupandisha. Aliangalia kile kiti, akaniagiza mirunda miwili, nguzo nyembamba za kuegemeza, akaisimika kila upande wa fremu ili isije ikamwangukia mzee. Halafu tukaendelea na kazi. Tulitoa madirisha. Tulitoa milango mingine. Siku ya nne tulianza kuta, tofali kwa tofali, kutoka pembeni tukielekea kwake. Nasibu amekaa. Tukifika karibu tunamwomba anyanyue miguu, ananyanyua. Kufikia alasiri hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kiwanja, marundo yaliyopangwa, na katikati mlango wa bluu umesimama na fremu yake, na mzee kwenye kiti pembeni yake akilinda.

Sasa sikilizeni mambo. Alipokwenda kuswali, Nasibu aliufunga mlango kwa ufunguo, akautikisa kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni mwa kanzu. Kushoto hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta. Aliporudi aliufungua, akaingia, akakaa. Latifa alipopita pembeni kumletea chakula alimkemea, akamwambia apite mlangoni kama watu. Majirani wakaanza kuja na vigoda. Haki ya utani iliniwasha, nikamwambia kwamba sisi Wanyamwezi tumetembea nchi hii kutoka bara hadi bahari na hatujawahi kumwona mtu aliyefungia upepo kwa kitasa. Nasibu alicheka, masikini, mtani hana budi kucheka. Lakini hakuondoka.

Siku ya tano, alipokwenda swala ya adhuhuri, nilimsogelea Bi Maimuna na kumwambia sasa ndio wakati. Bawaba ziko upande wetu, pini zinatoka kwa mtaimbo kabla imamu hajatoa salamu, guta la mizigo liko tayari barabarani. Ahadi ni yake na shahidi ni mimi. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, na hasira ya kukodi ni mbaya kuliko ya mwenyewe. Akasema yeye hachukui mlango uliofungwa. Akaendelea kufunga kamba rundo la papi.

Alasiri kazi ilikwisha. Mabati yamefunikwa, misumari imehesabiwa, hakuna kilichobaki kusimama kwenye kiwanja kile ila mlango na Nasibu, ambaye alikuwa amerudi na kujifungia. Bi Maimuna aliuweka mtaimbo chini. Akanawa mikono na uso kwenye ndoo, akaufungua ushungi na kuufunga upya kwa mbele, vizuri, kama mtu anayekwenda ugenini. Akazunguka mpaka upande wa nje. Akagonga.

Akasema hodi.

Majirani wakacheka. Nasibu, ambaye angeweza kumwona kwa kugeuza shingo tu, aliangalia mbele. Bi Maimuna akabisha hodi mara ya pili. Kicheko kikapungua. Nimekaa nchi hii miaka sitini na minne, nimekaa na wachoyo, na wagomvi, na wakaguzi wa shule, na sijamwona mtu mwenye uwezo wa kuiacha hodi ya tatu ianguke chini. Ilipotoka, Nasibu akaitikia karibu. Nadhani mdomo ulisema kabla mwenyewe hajaulizwa.

Bi Maimuna hakupita pembeni. Alisubiri. Ikabidi mzee ainuke, atafute ufunguo mfukoni, auingize, auzungushe, avute. Mlango ukafunguka, wakatazamana. Nilikuwa nimesogeza gogo langu karibu, sioni haya kukiri, kwa hiyo nilisikia.

"Siku ile uliyokuja na watu wako nilikuwa ndani, Nasibu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia shoka. Hukupiga hodi."

Nasibu akasema alidhani yuko shambani.

"Nilikuwa ndani. Ungepiga hodi ningekufungulia. Ningekushikia fremu isipasuke."

Mzee alishika ukingo wa mlango. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, mzuri tu, nikaumeza. Latifa alikuwa ameshika sahani kifuani bila kuitua.

"Sikupiga," Nasibu alisema. "Ni kweli. Sikupiga hodi."

Kisha akakiinua kiti chake mwenyewe akakipeleka kando.

Bi Maimuna aliurudia mtaimbo wake, akabonyeza kitufe, akaukunja shingo, akaweka kandambili chini. Pini ya juu ikatoka, ya kati, ya chini. Rangi ya bluu ilibanduka kidogo kwenye bawaba na chini yake mvule ukaonekana, wa kahawia, kama umepasuliwa wiki iliyopita. Hakuna hata kibanzi kimoja kilichodondoka. Mlango ule hauwezi kubebwa na mtu mmoja, nami nilipoinuka nikamkuta Nasibu ameshashika upande wa juu. Waliubeba wawili mpaka kwenye guta, yeye akirudi kinyumenyume, Bi Maimuna akimwelekeza mashimo yalipo.

Tulipokuwa tumeshafunga kamba, Nasibu akakumbuka kitu mfukoni. Akatoa ule ufunguo, akamnyooshea.

"Kaa nao," Bi Maimuna akamwambia, akipanda guta na kukaa juu ya mlango wake. "Kitasa nabadilisha leo leo."